Rufiji tunayo, wa Ethiopia wa nini? Ngoja tuongelee waya kwanza

Tangu Rais Samia aseme kule Same, Machi 2025, kwamba kaskazini tutaletewa umeme wa Ethiopia kupitia Kenya, mi kijiweni sinywi kahawa kwa amani. Wakishajua tu we ni mtu wa umeme wanakubana: yaani tumejenga Bwawa la Nyerere kule Rufiji, mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115, nchi nzima wakati ule kwenye kilele ilikuwa inatumia kama 1,900 hivi, halafu tunaenda kununua nje? Na luku, huu umeme wa kulipia kabla, si ndo itapanda?

Swali ni la haki kabisa, mi simlaumu mtu. Ila kuwa na umeme Rufiji na kuwa na umeme Arusha ni vitu viwili tofauti.

Ushawahi kushika ile ekstensheni ndefu ya kwenye harusi, wamechomeka maspika, friza na birika la maji ya moto kwa pamoja? Inakuwa ya moto. Lile joto ndo umeme wenyewe, umeshazalishwa, umeshalipiwa, na kwenye spika haujafika. Sasa irefushe toka Rufiji hadi Arusha. Umeme unatoka bwawani mpaka Chalinze kwa laini nzuri ya kilovolti 400, kama kilomita 160, hapo hakuna shida, shida inaanza ukishataka kupanda kaskazini, maana unapita kwenye laini ya zamani ya 132 kupitia Hale, Same mpaka Moshi, au unazungukia Dodoma, Singida, Babati. Na joto la waya lina tabia mbaya, mkondo ukiwa mara mbili lenyewe linakuwa mara nne. Kwa hiyo mzigo uleule ukiusafirisha kwa 400 badala ya 132 mkondo unashuka hadi theluthi na upotevu unabaki kama moja ya tisa, kwa waya uleule. Rais alisema upotevu wa huku unakula shilingi bilioni 32 kwa mwaka, na mimi kwa jinsi ninavyozijua hizi laini hainishangazi.

Juzi saa mbili usiku jirani yangu anayeuza juisi kaniita, friza linanguruma kama trekta. Nimeweka mita kwenye soketi: volti 187. Inatakiwa 230. Mota ya friza volti zikishuka inajilazimisha, inavuta mkondo zaidi, inachemka, siku moja inaungua na fundi anakwambia nunua compressor mpya. (Na sio zote za kulaumu laini kubwa, transfoma ya mtaa ikizidiwa nayo inafanya hivyohivyo, ila mwisho wa gridi kila kosa linaonekana mara mbili.)

Hapo kuna mjanja lazima aniulize: Ethiopia si mbali zaidi? Ni mbali kweli, toka Wolayta Sodo hadi Suswa pale Kenya ni zaidi ya kilomita 1,000. Ila ile laini ni ya DC, yaani mkondo wa upande mmoja kama wa betri, kilovolti 500, imejengwa kwa safari ndefu na inapoteza kidogo. Toka Kenya tunaungana kwa 400 kupitia Isinya, Namanga, Arusha hadi Singida. Halafu umeme hauna kabila, ukiingia kwenye gridi unachanganyika, kwa hiyo kitakachowasha taa yako Ngaramtoni yawezekana kimetoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, Kenya, na Ethiopia ikabaki kwenye makaratasi ya malipo tu.

Kwa hiyo kiufundi mi naunga mkono. Bei sasa, hapo ndo nataka tubanane.

Chukua luku ya elfu kumi, mtu wa T1, daraja la matumizi ya kawaida. Umeme wenyewe ni 8,196.72, VAT 1,475.41, REA (wakala wa umeme vijijini) 245.90, EWURA (mdhibiti wa nishati) 81.97, unapata yuniti 28 na kidogo. Yuniti ni 292 kabla ya makato na imekaa hapohapo tangu 2016, Januari 2017 ilitakiwa ipande asilimia 8.53 ikazuiwa. Kinachowauma watu mara nyingi ni kodi ya jengo iliyoingizwa kwenye luku 2021, au wametolewa D1, daraja la watumiaji wadogo, ile ya shilingi 100 kwa yuniti, mwisho yuniti 75 kwa mwezi, mtu kaongeza friji tu kajikuta T1.

Umeme wa nje lakini unalipiwa kwa dola. Kenya kwenye mkataba wao ulioanza 2022 wanalipa Ethiopia senti 6.5 za dola kwa yuniti. Dola ilivyofika 2,700 mwaka 2024 hiyo ni kama shilingi 175, bado hujamlipa Mkenya kupitisha kwenye nyaya zake, na upotevu wa huko nao umo humohumo. Ukitoa kwenye 292 inabaki nafasi, ila sio kubwa, na shilingi ikiyumba tofauti lazima mtu aibebe, ama shirika la umeme ama wewe. Ndo maana namba ninayoitaka mimi ni moja tu, yuniti ikifika mpakani Namanga ni senti ngapi, wawekane nayo wazi na bilioni 32 pembeni tupige hesabu.

Jirani yeye hakusubiri, kashanunua stabilaiza ya laki na nusu. Hiyo kwenye risiti ya luku haimo.