Tufe la bolingi halikunji kwa nguvu za mkono peke yake

Ukipita barazani Ngamiani, Tanga, vijana wakitazama kwenye simu bolingi, mchezo wa kuviringisha tufe kwenye njia nyembamba ili kuangusha pini zilizosimamishwa mwishoni, hutakosa kusikia kwamba tufe hukata kona kwa sababu mrushaji ana mkono wa chuma. Dhana hiyo ni ya siku nyingi, na inaacha nje kitu muhimu: mafuta.

Njia ina mita 18 na ushei hadi pini ya kwanza. Zamani mafuta yalipakwa kulinda mbao: maple ngumu pale tufe linapotua, msonobari katikati. Leo njia nyingi ni za sintetiki, lakini mafuta yamebaki, na sasa ndiyo yanayoamua mchezo. Kwa kawaida hupakwa takriban mita 12 za mwanzo, mbele huachwa pakavu. Tufe huteleza huku likizunguka. Likifika pakavu hukamata sakafu, kisha hukunja. Mkono unalizungusha, sawa, ila bila msuguano ule lingepitiliza tu.

Matufe nayo yamebadilika. Ya awali yalikuwa ya lignum vitae, mti mgumu na mzito kama mpingo wetu. Mwaka 1905 yakaja ya raba, baadaye plastiki, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 resini yenye vitundu visivyoonekana, inayonyonya mafuta. Hapo ndipo utamu ulipo: njia hubadilika mchezo ukiendelea, na mchezaji hodari husogeza miguu kidogo kidogo kuifuata.

Na wanaodai matufe ya siku hizi ni mazito zaidi? Kikomo ni kilo 7.26 tu.