Laini pana, faili linajikokota: mambo ya kutazama ndani ya kerneli, kiini cha mfumo wa kompyuta

Ofisi nyingi za Unguja na Pemba hutuletea lalamiko moja. Laini iliyolipiwa ni ya megabiti 100 kwa sekunde, kipimo cha kasi kinaonyesha 100 kweli, lakini nakala ya akiba inayotoka Chake Chake kwenda kwenye seva iliyoko Frankfurt haipati hata 10. Wa kwanza kulaumiwa ni kampuni ya simu. Lakini kipimo kile mara nyingi huzungumza na seva ya karibu, tena kwa miunganisho mingi kwa pamoja, ilhali faili lako linasafiri mbali kwa muunganisho mmoja.

TCP, utaratibu unaosafirisha faili mtandaoni, haimwagi data yote mara moja. Hutuma kiasi fulani, kiitwacho dirisha, ikangoja uthibitisho, kama mfanyabiashara wa Malindi asiyepakia jahazi la pili mpaka risiti ya kwanza irudi. Safari ikiwa ndefu, shehena ya kila mara lazima iwe kubwa.

Hesabu yake ni nyepesi: zidisha kasi ya laini kwa muda wa kwenda na kurudi. Tuseme ping, amri ya kupima muda huo, inatoa milisekunde 160. Megabiti 100 mara 0.16 ni megabiti 16, yaani megabaiti 2 zinazopaswa kuwa njiani muda wote. Dirisha likibaki kwenye kilobaiti 64, kikomo cha TCP ya zamani, hutapita megabiti 3.3 kwa sekunde hata ukilipia gigabiti nzima.

Linux ya leo hupanua dirisha yenyewe. Ukomo wake wa kupokea ni namba ya tatu ya mpangilio wa net.ipv4.tcp_rmem, aghalabu baiti 6291456, na karibu nusu yake huliwa na hesabu za ndani. Zinabaki megabaiti 3 hivi, kwa hiyo laini ya 100 inatosheka bila kuguswa. Kwa gigabiti moja zinahitajika megabaiti 20. Hapo ndipo pa kupandisha namba hiyo kwa upande unaopokea, na ya tcp_wmem kwa upande unaotuma.

Basi ofisi yetu ya Chake Chake inakwama wapi? Mara nyingi ni pakiti, yaani vipande vya data, zinazopotea njiani, hasa penye Wi-Fi dhaifu. CUBIC, kanuni ya kawaida ya Linux ya kuamua kasi ya kutuma, hupunguza dirisha kwa asilimia 30 kila upotevu unapotokea, na kwa masafa marefu kulijaza tena huchukua muda. BBR ya Google, iliyoingia Linux 4.9 mwaka 2016, hukadiria uwezo wa njia badala ya kushtuka kwa kila pakiti iliyopotea. Huwekwa kwa anayetuma tu, katika faili ndani ya /etc/sysctl.d/:

net.core.default_qdisc = fq
net.ipv4.tcp_congestion_control = bbr

Kisha endesha sysctl --system. Pima kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kabla na baada, ukibadilisha kitu kimoja kimoja.

Tahadharini na orodha za mipangilio za kunakili. Nyingi bado zina tcp_tw_recycle, iliyokuwa ikifanya seva ikatae baadhi ya miunganisho ya wageni wa hoteli moja wanaotoka kwa anwani moja ya intaneti. Iliondolewa kabisa katika Linux 4.12, mwaka 2017.

Wenye Windows, andikeni netsh interface tcp show global. Upanuzi wa dirisha la kupokea ukisomeka disabled, kuna aliyeuzima: urudisheni normal.