Hapana, Swali Langu Halimfundishi Mtu Kujiua

Juzi nilikuwa nafundisha kamati za maafa hapa Dodoma. Nilipofika kwenye kipengele cha kumuuliza mtu kuhusu kujiua, mzee mmoja akanyoosha mkono. "Daktari, samahani. Huoni hilo swali linawafundisha?" Ukumbi mzima ukatikisa vichwa kumuunga mkono. (Mimi si daktari, ni mwanasaikolojia tiba, lakini kusahihisha nilishaacha.) Mwaka huu nimeshaulizwa hivyohivyo na mchungaji, na mwalimu mkuu, na afisa ustawi wa jamii ambaye alipaswa kujua, na shangazi yangu. Basi naandika, ili atakayefuata nimtumie hii asome.

Mtu tope limezoa nyumba yake usingizini. Amezika wawili. Analala kwenye darasa la shule pamoja na familia nyingine nane, shamba limegeuka mawe, mbuzi hawapo, hata kadi ya kliniki ya mtoto imekwenda na maji. Halafu mnaniambia kifo hakijawahi kumpitia kichwani mpaka nije mimi na fomu yangu nimkumbushe?

Jambo hili limefanyiwa utafiti na kurudiwa, kwa vijana na watu wazima, kwa wagonjwa na wasio wagonjwa. Walioulizwa waziwazi hawakupata mawazo ya kujiua zaidi kuliko wasioulizwa, na baadhi yao walipata nafuu. Hilo limekwisha. Kinachoninyima usingizi ni namna tunavyouliza.

Sikiliza mhudumu akiuliza: "Mama, wewe huna mawazo mabaya, eti?" Mama anajibu, "Ndiyo." Mhudumu anaweka alama, anakwenda hema la pili. Ndiyo ipi? Kwa Kiswahili chetu anaweza kuwa anamaanisha "ndiyo, sina", na anaweza kuwa ameitikia tu kwa sababu mgeni wa serikali haachwi bila kuitikiwa. Nimepitia fomu ambazo jibu la swali hilo halina maana yoyote, kwa sababu swali liliulizwa kwa kukanusha na muulizaji alishaonyesha usoni jibu analolitaka.

Kisha kuna hayo "mawazo mabaya". Mabaya yapi? Kumchukia mwenyekiti aliyegawa magodoro kwa upendeleo ni wazo baya. "Kujidhuru" nako ni Kiswahili cha kwenye fomu. Bibi mmoja alinijibu kwamba ndiyo, alijidhuru, alijikata kidole akikata mboga. Na wapo wanaouliza "unataka kujinyonga?" kwa kuwa magazeti yamezoea neno hilo. Kwa nini umtajie mtu njia? Mimi nauliza "kujiua" au "kujitoa uhai", nikiwa nimekaa chini kama alivyokaa yeye, baada ya shikamoo, baada ya habari za usingizi na chakula, na baada ya kumwomba mkwe wake atuache kidogo. Hilo la mkwe si dogo. Kule Hanang, baada ya maporomoko ya tope, tulihitaji wakalimani wa Kiiraqw na Kidatoga, na mkalimani aliyepatikana haraka alikuwa kijana wa familia. Mama gani atamwambia mwanawe kwamba hataki kuishi?

Nasema hivi: "Mama, watu wengi waliopata msiba kama huu hufika mahali wakaona bora wafe. Wewe umefika hapo?" Akisema ndiyo, naendelea: "Umewahi kufikiria kujiua mwenyewe?" Ni maswali mawili, si moja. Fomu maarufu ya kupimia sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa, imeyaunganisha kwenye kipengele chake cha tisa, na mimi nimeshachoka kulalamika. Bibi wa Kigogo anayesema "Mungu anichukue nipumzike" anaweza kuwa anasali tu kama alivyosali tangu aanze kuumwa magoti. Kijana anayesema "msijali, mizigo yangu itapungua karibuni" hajamtaja Mungu wala kifo, na huyo ndiye nitakayekaa naye mpaka jioni.

Hapa nina shaka zangu. Tafiti nyingi ninazozitetea kwa sauti kubwa zilifanyika kwenye nchi tajiri, kwa watu waliozoea kuulizwa mambo yao na mgeni. Sidhani kama matokeo yangegeuka hapa kwetu, ila mkalimani mbovu anaweza kuligeuza swali likawa tuhuma, na tuhuma inaumiza.

Shaka nyingine ni ya takwimu. Mwaka 1998 jarida kubwa la kitabibu la Marekani lilichapisha kwamba watu hujiua zaidi baada ya mafuriko, vimbunga na matetemeko. Mwaka uliofuata watafiti wenyewe waliifuta kazi hiyo: vifo vya mwaka mmoja vilikuwa vimehesabiwa mara mbili. Kule Kobe, Japani, baada ya tetemeko la 1995, kujiua kulipungua kwanza. Kwa hiyo anayesema "baada ya maafa lazima watu watajiua" naye anakosea.

Ila angalieni hilo neno "kwanza". Wiki za mwanzo watu wanashikana. Baada ya maporomoko ya Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoua watu 89, mji wa Katesh ulijaa viongozi, malori ya unga, na sisi wa ushauri nasaha tukipishana mlangoni. Nani ajione yuko peke yake? Halafu arobaini inapita, malori yanaondoka, shule inataka madarasa yake, na baba aliyekuwa na ekari sita anaomba kibarua. Baada ya kimbunga Katrina kule Marekani, watu walewale walihojiwa miezi michache baadaye, kisha tena karibu mwaka mmoja mbele. Wenye mawazo ya kujiua walikuwa wamepanda kutoka asilimia 2.8 hadi 6.4. Sisi posho zetu huwa zimeshakwisha kabla hata miezi miwili haijapita. Wazee wa Mpwapwa na Kilosa waliohamishwa na mafuriko ya mwishoni mwa 2009 wanaweza kukueleza maisha ya mahema vizuri kuliko mimi.

"Na akisema ndiyo je?" mzee yule aliniuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini. Hilo ndilo swali lake halisi. Watu hawaogopi kumfundisha mtu, wanaogopa jibu.

Akisema ndiyo, usihubiri, na usimwambie wenzake wamepoteza zaidi. Muulize kama amepanga lini na vipi. Usimwache peke yake. Vitu vya hatari, dawa za shambani zikiwamo, viondolewe alipo. Mwombe akutajie mtu mmoja anayemwamini, kisha mwende wote kituo cha afya. Kikishindwa, hospitali ya wilaya, na Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ipo hapa mjini. Msianzie polisi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na nimeona familia ikimficha mgonjwa ndani siku tatu kwa hofu hiyo. Kwenye kituo cha afya mhudumu akianza na ukali, msiondoke, ombeni mwingine. Halafu wiki ijayo rudi ukamuulize tena, kwa maneno yaleyale.