Je, 3.78 Inashindwa na 3.82 Kwenye Udahili wa Udaktari?

Wengi huamini kwamba anayetaka kusomea udaktari akizidiwa wastani wa alama kidogo tu, mfano 3.78 dhidi ya 3.82, basi nafasi ni ya mwenzake. Imani hiyo ina chanzo chake: palipo na nafasi chache na waombaji tele, kila nukta inaonekana kubwa.

Tupige hesabu. Kwa kipimo cha 4.0 kinachotumika Marekani (A ni 4, B ni 3), mwanafunzi wa kozi 40 zenye uzito sawa akipata B moja badala ya A, wastani wake unashuka kwa 0.025. Pengo la 3.78 na 3.82, yaani 0.04, halifiki hata B mbili za namna hiyo, labda za muhula aliougua. Vyuo vingi huko hutazama pia mtihani wa kujiunga, barua za mapendekezo, kazi za kujitolea na usaili, na ukishafika kwenye usaili, tofauti kama hiyo mara nyingi humezwa. Uholanzi ilienda mbali zaidi: kuanzia miaka ya 1970, kwa muda mrefu, nafasi ziligawiwa kwa bahati nasibu, wenye alama za juu wakiongezewa tu uwezekano.

Ila kuna mahali imani hii ni kweli tupu. Mfumo ukipanga majina kwa alama peke yake, aliye chini ya mstari kwa nusu alama ameachwa.

Kwa hiyo fungua mwongozo wa udahili wa chuo chenyewe. Tafuta kiwango cha chini, uzito wa kila kigezo, na alama za waliochukuliwa, kama zimetolewa. Wastani wa waliochukuliwa pekee usikutishe. Nusu yao hivi huwa chini yake.