Mpemba hakusema uchemshe maji ya barafu

Jumamosi nilikuwa na meza yangu kwenye maonyesho ya sayansi, kazi yangu ni kusimulia watu vituko vya historia ya sayansi. Kabla sijafungua mdomo mama mmoja anaeuza barafu za ukwaju akaniambia mwalimu hiyo ya yule mwanafunzi Erasto Mpemba, kwamba cha moto kinawahi kuganda kuliko cha baridi, mi naijua, ndo maana juisi yangu naiingiza kwenye friza ikiwa inachemka, inaganda chapchap. Nikamuuliza mama yangu umeme wa LUKU unanunua wa shingapi kwa wiki? Akacheka. Mi sikucheka, maana hii nshaisikia mpaka basi, kwa wanafunzi, kwa maticha, hata fundi friji mmoja aliwahi kunishauri hivyohivyo, fundi friji!

Sa ngoja tuanze mwanzo maana wengi stori wameishika nusu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba yuko fomu tri Magamba sekondari, kule Lushoto. Wanafunzi wanajitengenezea askrimu, unachemsha maziwa unatia sukari unasubiri yapoe ndo unaweka kwenye friji, na nafasi za frijini ni za kugombania. Siku hiyo mwenzake akamuona anachemsha, akaogopa kukosa nafasi, akachanganya maziwa yake na sukari bila kuchemsha akamimina kwenye trei akaingiza. Mpemba kuona trei imebaki moja akasema liwalo na liwe, akaingiza ya kwake yakiwa ya moto, friji ikifa ife. Saa moja na nusu baadae wanarudi, ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Akamuuliza ticha wa fizikia, akaambiwa umechanganya mambo wewe, hicho kitu hakiwezekani. Baadae rafiki yake muuza askrimu pale Tanga mjini akamwambia mbona sisi huwa tunaanza na ya moto ndo yanawahi. Yaani wauza askrimu wanajua, ticha hajui. Akaenda Mkwawa, Iringa, siku ya kufundishwa sheria ya Newton ya kupoa akauliza tena, ticha nae akamjibu hiyo ni fizikia ya Mpemba siyo ya dunia nzima, ikawa utani wa darasa, akikosea hesabu wenzake wanamwambia hiyo hesabati ya Mpemba.

Mpaka akaja Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar kuwapa mhadhara. Mpemba akasimama: ukichukua bika mbili (vikombe vya kioo vya maabara) zina maji sawa, moja nyuzi 35 nyingine nyuzi 100, ukaziweka frijini, ya 100 inatangulia kuganda, kwa nini? Osborne hakumcheka, akasema nitajaribu. Na hapa ndo mi huwa napenda kusimama watu wacheke: fundi wa maabara alipojaribu akaja kutoa ripoti kwamba kweli ya moto imetangulia, ila tutaendelea kurudia mpaka tupate jibu sahihi! Wakarudia, jibu halikugeuka. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha kwenye jarida la Physics Education, na kichwa chenyewe cha ile makala kina alama ya kuuliza. Alama ya kuuliza jamani. Hiyo ndo nyie wote mnairuka.

Ukweli ni kwamba walichopima ni muda wa maji KUANZA kuganda, siyo kuganda mpaka ndani yakawa jiwe. Walitumia maji kidogo, sentimita 70 za ujazo, bika wameziweka juu ya kipande cha foma (ile nyepesi ya kufungashia vitu) ili baridi isipite chini. Katika mazingira hayo maji yaliyochelewa zaidi yalikuwa yale ya nyuzi kama 25, ya karibu 90 yakawahi. Badilisha chombo, badilisha ujazo, badilisha friji, na majibu yanaweza kubadilika. Sababu zimetajwa nyingi: maji ya moto yanapungua kwa mvuke, yanapoteza hewa iliyomo ndani, yanazunguka chomboni tofauti, trei ya moto inayeyusha ule ukungu wa barafu chini yake ikagusana vizuri na ubaridi, halafu kuna maji kushuka chini ya sifuri bila kuganda, hiyo peke yake inatosha kukuvurugia jaribio zima. Hakuna sababu moja ambayo wote wamekubaliana, kwa hiyo anaekwambia "wanasayansi walishathibitisha" muulize walithibitisha nini.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipima upya wakasema hawaoni ushahidi wa maana, tena wakaonyesha kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu ndani ya chombo unaweza ukajitengenezea "Mpemba" ambae hayupo. Halafu 2020 kule Canada Avinash Kumar na John Bechhoefer wakaonyesha kitu cha namna hiyohiyo kabisa, cha moto kikatangulia kupoa, ila walitumia chembe ndogo sana inayosukumwa kwa mwanga wa leza, siyo ukwaju kwenye friza la kibandani.

Kwenye friza lako wewe, kitu cha moto kinapasha moto vilivyo jirani, mota inakimbia muda mrefu, yuniti zinaisha. Chemsha kwa ajili ya usalama, sawa kabisa, ila acha ipoe, weka kwenye vyombo bapa, usibananishe. Na nunua kipimajoto! Nasema kila siku, nyumba ina tivii mbili haina kipimajoto.

Mengine niyapitie haraka. Eti Mpemba ndo wa kwanza duniani kuliona hili: hapana, Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alishaliandika zaidi ya miaka 2000 nyuma, Bacon na Descartes, wasomi wa Ulaya, nao wakaligusa, ila aliyelirudisha maabara ni dogo wa Magamba. Eti alikuwa profesa wa fizikia: makala inatoka yeye yuko chuo cha Mweka anasomea wanyamapori.

Zinjanthropus, lile fuvu la kale la Oldupai, siyo "binadamu wa kwanza" na wala siyo babu yako, ni tawi la pembeni lililokufa, lina miaka kama milioni 1.75, na nyayo za Laetoli hapohapo jirani zina zaidi ya milioni 3.6. Na aliyeliona fuvu Oldupai tarehe 17 Julai 1959 ni mtafiti Mary Leakey, mumewe Louis alikuwa kambini anaumwa homa.

Tofaa halikumpiga Newton kichwani, aliliona linaanguka bustanini, akaanza kuwaza, na kitabu chake chenye sheria ya uvutano kikatoka 1687, miaka 20 na zaidi baadae. Einstein hakufeli hesabu, alikwama mtihani wa kuingia chuo Zurich mwaka 1895 akiwa na miaka 16, kwenye masomo mengine, hesabu na fizikia alifanya vizuri sana, kwa hiyo mwanangu ulieleta karatasi ya hesabu yenye maksi 23 ukanitajia Einstein, kaa chini.

Yule mama wa ukwaju tulikubaliana ajaribu mara kumi, vikombe viwili, aandike kwenye daftari. Nikamwazima kipimajoto changu kizuri kile. Mpaka leo hajakirudisha.