Mzee Patterson na kiwanja kilichokataa kufunga

"Kama mlipima vizuri, mbona hesabu haikufunga?" Swali hilo nimeulizwa tena, mimi mpimaji wa ardhi, safari hii na msomi kabisa, kwa sauti ya mtu aliyemkamata kibaka. Aliona kwenye karatasi zangu tofauti ya sentimita tatu baina ya jiwe nililoanzia na pale hesabu iliponirudisha, akahitimisha kwamba ama sijui kazi, ama jirani yake kanipa chochote. Nimechoka kulijibu swali hili kwa mtu mmoja mmoja. Leo nawaletea mwalimu mhamiaji kutoka Ireland, marehemu tangu 1824, awajibu yeye.

Robert Patterson alizaliwa 1743 karibu na Hillsborough, Kaunti ya Down. Mwaka 1768 alivuka bahari hadi Philadelphia, mtaji wake ukiwa hesabu. Alifundisha watoto mashambani, akafundisha mabaharia kutafuta longitudo kwa kupima pembe kati ya mwezi na nyota, akafungua duka New Jersey (lilimshinda, na mimi namwelewa). 1774 alimwoa Amy Hunter Ewing, wakajaliwa watoto wanane. Vita vya uhuru vilipofika aliwafundisha askari kwata. Kisha, 1779, akawa profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na pale alikaa miaka 35 hadi alipomwachia kiti mwanawe. Mvumbuzi Meriwether Lewis alipopelekwa kuvuka bara la Amerika mwaka 1803, alipitia kwanza kwa Mzee Patterson kunolewa. Rais Jefferson alimkabidhi kiwanda cha sarafu cha taifa, akakiongoza kuanzia 1805 hadi mwaka wa kifo chake, akiwa na miaka 81. Mwanawe yuleyule naye alikuja kukiongoza baadaye. Nyumba ya hesabu, baba na mwana.

Watu wengi wakimkumbuka humkumbuka kwa fumbo la maandishi ya siri alilomtumia Jefferson mwaka 1801, ambalo lilikuja kufumbuliwa 2007. Sawa. Mimi namkumbuka kwa kiwanja.

Mwaka 1808, katika jarida la hisabati lililoitwa The Analyst, Patterson aliweka swali na zawadi ya dola 10. Nimepima shamba la pande tano, anasema, kwa dira na mnyororo. Akatoa mielekeo na urefu wa kila upande: 40, 25, 36, 29.6 na 31, kwa kipimo cha zamani cha takriban mita tano. Alipojumlisha, hesabu haikurudi pale ilipoanzia. Akaongeza jambo ambalo natamani lichongwe kwenye mlango wa kila ofisi ya ardhi: kwamba katika upimaji wa kweli huenda hali ikawa hivyo daima. Hakuomba radhi wala hakuuliza nani alizembea. Aliuliza ukubwa wa shamba ni upi, tukichukulia kwamba kosa limetokea kwa namna iliyo karibu zaidi na uwezekano.

Nimezirudia zile hesabu mwenyewe. Kaskazini-kusini kunapungua karibu 0.10, mashariki-magharibi karibu 0.08. Ukigeuza kuwa mita, unatoka na sentimita 62 hivi katika mzunguko wa mita 813. Profesa wa chuo kikuu, sentimita 62! Na mimi nashikwa shati kwa tatu.

Zawadi ilikwenda kwa Nathaniel Bowditch, mwanahisabati wa Salem, Marekani, na kanuni yake ndiyo tunayoitumia mpaka kesho: tofauti igawanywe kwa pande zote kulingana na urefu wa kila upande. Upande wa 40 ni robo ya mzunguko, basi unabeba robo ya kosa, sentimita 15 na ushee. Mhariri wa jarida, Robert Adrain, naye mwalimu wa Ireland, aliyekimbia baada ya uasi wa 1798, aliongeza jibu lake mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na ile kanuni ya mtawanyiko wa makosa (madogo ni mengi, makubwa ni machache, na mchoro wake una umbo la kengele) ambayo dunia nzima inamhesabia Gauss, mwanahisabati Mjerumani aliyechapisha yake 1809. Mwanawe mmoja Adrain alimpa jina Garnett Bowditch. Wapimaji tutaelewana hapo.

Sasa tuje kwenye kinachonikera. Watu wanachanganya mambo matatu. Tepu ya chuma ya mita 30 iliyosanifiwa kwa nyuzi joto 20, ukiivuta juani kwa nyuzi joto 35, imerefuka karibu milimita tano. Hilo linajulikana, linasahihishwa kwa hesabu kabla ya jambo lingine lolote. Fundi akisoma 63 akaandika 36, huo ni uzembe, na dawa yake ni kurudi uwandani, hakuna njia ya mkato. Ukishaondoa yote mawili, kinabaki kitu cha tatu: mkono, upepo, jicho, mashine kukaa milimita moja kando ya alama. Hicho hakiishi. Kinapungua ukinunua chombo bora, lakini hakifi. Kiwanja kinachofunga kwa sifuri kamili ndicho kinachonitia wasiwasi, maana mara nyingi mtu kakaa ofisini na kalamu akakilazimisha kifunge.

Na kuna mambo ambayo vitabu vyetu vinayapita haraka. Bowditch alifikiria dira na mnyororo, vyombo viwili vyenye udhaifu unaokaribiana. Mashine zetu za leo husoma pembe vizuri ajabu, kwa hiyo sababu ya asili ya kanuni yake imekwisha nguvu. Tunaendelea nayo kwa kuwa ni nyepesi na kwenye kiwanja kidogo matokeo hayapishani kwa kitu cha kugombania. Tena ina ubaya wake: uzembe mdogo ukipenya, kanuni inautandaza kwa pande zote kama siagi kwenye mkate, na hutauona tena. Uthibitisho wa Adrain nao una viraka. Alidhania mambo ambayo sidhani angeweza kumtetea mwanafunzi aliyeyadhania mtihanini. Kwa nini makosa yetu yaufuate ule mchoro wa kengele kwa uaminifu namna ile, mimi ninalo jibu la darasani, na haliniridhishi.

Kwa hiyo mteja mwema, ukipewa karatasi usiulize kama kulikuwa na tofauti. Uliza ilikuwa kiasi gani kwa mzunguko wa mita ngapi, iligawanywaje, na daftari la uwandani liko wapi. Shamba la Patterson linatoka moja kwa 1,300, yaani kosa la mita moja kwa kila mita 1,300 za mzunguko. Lako limetoka sentimita tatu kwa mita 240, yaani moja kwa 8,000. Daftari lipo ofisini, limeandikwa kwa kalamu ya wino, na penye kosa pamekatwa mstari mmoja ili kilichokuwepo kisomeke.