Chewbacca Kafa Humo, Lakini Kitabu Si Feki

Wauza vitabu vya mitumba wa Ngamiani, Tanga, wanaijua hii: mteja ananunua riwaya ya Star Wars, zile hadithi za vita vya angani, wiki haijaisha karudi nayo, uso umemvimba. "Umeniuzia feki. Chewbacca kafa humu, na kwenye filamu yupo mzima wa afya!"

Si feki, ndugu yangu. Hicho ni Vector Prime cha R.A. Salvatore, kilichotoka 1999, na kweli humo Chewbacca, yule shujaa mwenye manyoya mwili mzima, anaangukiwa na mwezi mzima. Wakati kinaandikwa, filamu iliyofika mbali zaidi katika mtiririko wa kisa ilikuwa ile ya 1983. Yaliyotokea baada ya hapo yalisimuliwa na waandishi wa riwaya, kwa idhini ya Lucasfilm yenyewe, kampuni ya filamu hizo. Timothy Zahn alianza 1991 na Heir to the Empire, kisa cha miaka 5 baada ya filamu hiyo, na wenzake wakajenga juu yake kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2012 Disney ikainunua Lucasfilm na kutaka filamu mpya, zisizofungwa na riwaya zote hizo. Tarehe 25 Aprili 2014 ikatangazwa: riwaya za zamani zinawekwa kando kwa jina la Legends, msingi wa kisa ni filamu sita na katuni za The Clone Wars. Desemba 2015 filamu ikaja, Chewbacca hai. Salvatore hakukosea, na muuzaji hakukuibia.

Kabla hujalipa, fungua ukurasa wa hakimiliki, nyuma ya ule wenye jina la kitabu. Angalia mwaka wa hakimiliki, usiangalie mwaka wa kuchapwa. Riwaya ya kabla ya tangazo lile kwa kawaida ni Legends. Utepe wa Legends kwenye jalada usiutegemee: umewekwa kwenye chapa za baadaye tu, na nakala kuukuu zinazojaa mezani hazina. Halafu ule mstari wa namba, 10 9 8 7 na kuendelea, jamani, si namba ya kitabu katika mfululizo! Namba ndogo kuliko zote iliyobaki inaonyesha nakala yako ni ya chapa ya ngapi, basi.

Wengine husema Legends ni takataka. Thrawn, yule jemadari adui, alizaliwa kwenye kitabu cha Zahn, na 2016 akarudishwa kwenye katuni za Rebels. Takataka gani hiyo?

Wapo pia wasemao: "Riwaya hizi ni filamu zilizoandikwa tu." Chache ndiyo, nyingi sivyo. Ile ya filamu ya kwanza ilitoka 1976, filamu yenyewe 1977. Jalada linasema George Lucas, mwasisi wa Star Wars. Aliyeandika ni Alan Dean Foster.

Eti lazima uzisome zote kwa mpangilio? Nani ana umri huo! Anza na Heir to the Empire, kisha Dark Force Rising, kisha The Last Command. Hicho cha katikati usikinunue peke yake kwa sababu ni cha bei poa. Utaingia kisa kimeshika kasi na utatoka hakijaisha.

Na tafadhali, kitabu kilichoota ukungu kwa unyevu wa bahari hakianikwi juani. Jua linakausha gundi ya mgongo hadi inapasuka, na karatasi hizi za bei rahisi zinageuka njano. Kisimamishe kivulini penye upepo, kurasa zimeachana, siku mbili tatu. Kikikauka kabisa, toka nje ufute ukungu kwa brashi laini, pua umeziba. Kurasa zikibanduka, paka gundi nyeupe ya mbao, mstari mwembamba tu mgongoni, kisha kigandamize kwa kitu kizito usiku kucha. Ukiimwaga nyingi, itapenya ndani na kurasa zitagandana.